Jipu kwenye jino zima

Binti wa mdogo wangu amevimba fizi tena, na hapa Tandika hukumu imeshatoka: pipi. Jino lenyewe nimeliangalia kwa tochi ya simu. Jeupe, halijatoboka popote, na bado usaha unatoka kwenye fizi yake.

Leo nimempeleka mimi Muhimbili, mama yake yuko zamu. Daktari wa meno hakuanza na mdomo. "Hebu tembea mpaka mlangoni, mwanangu, urudi." Akayatazama yale matege ambayo kila siku tunasema yatanyooka akikua. Kisha akanigeukia: "Dada, na baba yake je, miguu yake ikoje?" Nikajikuta nacheka. Shemeji ana matege tangu utotoni, na meno ya mbele alishang'oa kabla hajaoa.

Kumbe kuna matege yasiyoletwa na kukosa jua wala lishe (jua la Dar nani analikosa?). Figo zinaiachia fosfeti ipotee kwenye mkojo, mifupa inabaki laini. Jino nalo hujengwa kwa madini hayohayo. Dentini, lile tabaka lililo chini ya enameli (ganda gumu la nje), halikomai vizuri, na kiini cha jino kinakuwa kipana, pembe zake zimepanda karibu zifike juu. Enameli ikilika kidogo tu kwa kutafuna, bakteria wameshaingia. Ndiyo maana jipu linaota na shimo halionekani. Eksirei ilionyesha kile kiini, kikubwa kweli.

Aina inayopatikana zaidi hurithiwa kupitia kromosomu ya X: baba mwenye nayo humpa kila binti yake, wavulana hawaipati kwake. Kaka wawili wa binti huyu miguu imenyooka. Sikuhitaji kuelezwa zaidi.

Bado damu na mkojo vipimwe. Ikithibitika, ni fosfeti ya kunywa mara kadhaa kwa siku pamoja na vitamini D ya aina maalumu, kwa miaka yote ya kukua. Ipo pia sindano, burosumab, iliyoidhinishwa Marekani na Ulaya mwaka 2018. Bei sikuthubutu kuuliza. Meno yaliyobaki yatapakwa kizibio mapema, kabla hayajalika, na hilo kwangu ndilo la kuanza nalo.

Jioni nikampigia shemeji, naye akapimwe. Amekubali, ila kwanza anataka kumuuliza mama yake kule Lindi, ambaye meno yalimwisha akiwa bado kijana na ukoo mzima ukasingizia uzazi.