Kabla hujamwaga trikoderma, ng'oa mche kwanza

Kila mtu akiuliza "nyanya zangu zinanyauka, nipige trikoderma kiasi gani" (yule fangasi rafiki anayewekwa udongoni kulinda mizizi) mi namrudishia swali, umeng'oa hata mche mmoja ukaangalia mizizi? Manake juu mnyauko wote unafanana, habari yenyewe iko chini. Shika mzizi kwa vidole viwili uvute taratibu, ganda la nje likichomoka kikabaki kiuzi chembamba katikati, mara nyingi hiyo ni pithiamu, kimelea kinachoozesha mizizi, na ujue maji yamezidi. Mizizi ikiwa poa lakini ukipasua shina unakuta michirizi ya kahawia ndani, waza fuzari, fangasi mbaya wa udongoni anayeleta mnyauko. Alafu kata kipande cha shina ukining'inize kwenye glasi ya maji safi, ukiona uteute mweupe unashuka kama uzi basi hao ni bakteria, trikoderma hata umwage ndoo nzima usitegemee muujiza.

Sasa huyu trikoderma mwenyewe ni fangasi, ila anakula fangasi wenzake. Nyuzi zake zinajiviringisha kwenye nyuzi za rizoktonia (yule anayeminya miche shingoni, usawa wa udongo, mpaka inalala kitaluni), anatoa vimeng'enya vinavyoyeyusha ukuta wa seli alafu anajilia taratibu. Pia anawahi kujaa kwenye mizizi, adui akija anakuta viti vyote vina watu. Na hapo ndo watu wengi hawaelewi, fuzari akishaingia kwenye mishipa ya maji ndani ya shina, trikoderma aliyeko nje udongoni atamfikiaje? Hamfikii. Kwa hiyo muda wake ni mapema, mchanganye kwenye udongo wa kitalu au paka mbegu, alafu mwagia tena siku ya kuhamisha miche. Kuna na bakteria wazuri wa kina basilasi na pseudomonasi, hao wa pili wana ujanja mmoja naupenda sana, wanakomba madini ya chuma yote karibu na mzizi, fangasi mbaya anakosa.

Ila usimwage hawa leo alafu kesho unapiga dawa ya ukungu palepale, umeua jeshi lako mwenyewe. Na udongo usio na mboji hawakai, watakula nini?

Kama shamba limeshachoka kabisa, mi naanza na jua. Lainisha udongo, mwagilia uloane vizuri, funika na nailoni angavu siyo nyeusi, kingo zote uzizike, acha wiki 4 hadi 6 kipindi cha jua kali. Joto linaua fangasi wengi wa tabaka la juu, wa chini sana wanapona. Ukishafunua udongo unakuwa na nafasi nyingi hazina mwenyewe, hapo ndo pa kumwingiza trikoderma na mboji iliyoiva, kabla fuzari hajarudi na tope la kwenye jembe uliloazima.