Kumbukumbu ya mradi: tenzi za baba mdogo ndani ya diski ya megabaiti 40

Jumamosi. Baba mdogo aliandikia tenzi zake kwenye kompyuta hii ya 386 mwanzoni mwa miaka ya 1990, kwa programu ya uandishi ya WordPerfect 5.1. Nakala za karatasi zililiwa na mchwa, kwa hiyo zimebaki humu tu. Ndiyo maana nakwenda polepole.

Betri ya volti 3.6 iliyochomelewa kwenye mazabodi, yaani bamba kuu la saketi, imevuja, na ukijani umetambaa hadi jirani na soketi ya kibodi. Nimeikata. Maji yake ni ya alkali, basi nimesugua kwa mswaki na siki, halafu spiriti, nikaacha pakauke usiku kucha.

Jumapili. Kompyuta imewaka. Bila betri, bayosi, yaani programu ya kuanzishia kompyuta, haikumbuki imefungiwa diski gani. Lazima uiambie kila ukiwasha. Lebo ya diski inaonyesha jinsi ilivyogawanywa: silinda (duara za data) 977, vichwa vya kusomea 5, sekta (vipande vya kila duara) 17, na kwenye orodha ya bayosi hiyo ni aina ya 17. Nikachagua. Diski ikalia tik, ikanyamaza. Nikaiwekea kiganja: hata mtetemo hakuna.

Imenata. Diski za zama hizi zikizimwa, vichwa hutua juu ya sahani zinazobeba data, na vikilala hapo miaka mingi hugandana nazo. Wapo wanaofungua kifuniko na kusukuma sahani kwa kidole. Mimi sithubutu, maana chembe ya vumbi ni nene kuliko mwanya wa kichwa na sahani.

Kabla ya kuishtua nimeihamishia kwenye kompyuta nyingine, Pentium III yenye mfumo wa Linux. Ikikubali kuzunguka, huenda ikawa mara ya mwisho, na ninataka mara hiyo iwe pale ninapoweza kunakili. Adapta ya USB haikufaa: inataka sekta zilizopangwa kwa namba moja mfululizo, na diski hii inajua silinda na vichwa tu.

Nimeishika mkononi ikiwa na nyaya zake. Umeme ulipoingia nikaizungusha ghafla kwa kifundo cha mkono, kama anayefungua kifuniko cha chupa kilichokaza. Mara ya nne ikanguruma. Moyo ulinienda mbio.

Sikufungua faili hata moja. Nimeiachia ddrescue, programu ya kunakili diski mbovu, ambayo huchukua kwanza sekta nzima, ikiruka mbovu, kisha huzirudia. Sekta zote ni 83,045. Hadi saa nne usiku zimebaki 6.

Jumatatu. Nafanya kazi kwenye nakala tu. Faili za WordPerfect nimezitambua kwa herufi WPC mwanzoni, na programu ya LibreOffice inazifungua. Tenzi zote zipo, ila mmoja una tundu. Sekta ni baiti 512, na ubeti wa vipande vinne vya mizani nane hauchukui hata baiti 100. Sekta moja iliyokufa imemeza beti tano, kuanzia wa 41.

Nikampigia baba mdogo simu. "Shikamoo baba." Hakuuliza habari ya kompyuta. "Ubeti wa arobaini unaishaje?" Nikamsomea. Akanyamaza kidogo, akaghani beti tatu bila kusita, nami naandika.

Mbili bado hazijamjia. Diski sijaizima; usiku huu, hewa ikipoa, nitairudia ile sekta mara nyingine kumi.