Siku yangu kwenye foleni ya maziwa

Saa 10:30 alfajiri. Naamka kabla ya adhana. Mume wangu anasema mimi nimekuwa jogoo wa mtaa. Maji ya kuoga, kanga, kikombe cha chai ya rangi nikiwa nimesimama, kisha bodaboda mpaka kituoni kwetu, tunakopokea maziwa ya wafugaji, upande wa Mabokweni, nje kidogo ya Tanga mjini. Barabara ina baridi ya bahari saa hiyo, na mwenye pikipiki hapendi kuongea. Namshukuru kwa hilo.

Saa 11:15. Nafungua. Kitu cha kwanza si taa, ni kuangalia tanki la kupozea: nyuzi 4. Umeme haukukatika usiku, alhamdulillahi. Binti wetu mpya ameshafika. Ana miezi mitatu kazini na ananiita Mama, ingawa kwa umri ningekuwa dada yake mkubwa tu. Anasuuza vyombo kwa maji ya moto. Sifunui mdomo, ila nimeona amesahau mpira wa mfuniko. Nasubiri. Anamaliza, anageuka, anaurudia mwenyewe. Dakika moja hiyo ilinichoma ulimi.

Saa 12:00. Wafugaji wanaingia: baiskeli, pikipiki, wengine kwa miguu na keni kichwani. Kila keni tunainusa, tunapima kwa laktomita (kipimo cha uzito wa maziwa, yakitiwa maji husoma chini), tunachanganya maziwa na spiriti sawa kwa sawa kwenye kichupa. Yakikatika madonge, hayaingii. Leo nimempa binti laktomita, mimi nikashika daftari. Nimejiwekea sharti: mikono yangu isiguse kipimo hata kimoja.

Zamu ya mzee mmoja, lita 9. Laktomita ikasoma 25. Kituoni kwetu tunapokea kuanzia 28. Binti akainua uso na kusema, kwa sauti ya kusikika mpaka barabarani, "Mzee, haya umetia maji."

Foleni ikanyamaza. Mzee akamwangalia, akasema taratibu: "Mwanangu, maji niyatoe wapi? Kisima chenyewe kimekauka."

Watu wakacheka. Binti hakucheka. Mimi najua hasa kilichotokea, kwa kuwa niliwahi kukifanya. Mzee anakaa jirani, maziwa yametoka kwenye kiwele robo saa iliyopita. Maziwa ya moto namna ile bado yana viputo vya hewa, nayo laktomita huyasoma mepesi kuliko yalivyo. Ningeweza kusema yote hayo kwa sentensi moja na foleni ikasonga. Badala yake nikauliza tu, "Kipimajoto kinasemaje?"

Akakichovya. Nyuzi 34. Akanitazama, nikaangalia daftari langu kana kwamba lina maandishi ya maana. Najua anajua hesabu: laktomita yetu imepangwa kwa nyuzi 20, na kila nyuzi inayozidi unaongeza 0.2. Anajua pia kwamba kwenye joto kubwa hivyo hesabu hiyo haitegemewi. Kimya kikawa kirefu. Mama mmoja nyuma akaguna kwamba maziwa yake yataganda.

"Mzee, shikamoo, nisamehe," binti akasema. "Haya ni ya moto. Naomba tuyaweke kwenye maji baridi, tupime tena."

"Marahaba. Hayo ndiyo maneno," mzee akajibu, akatafuta benchi.

Nusu saa baadaye yalikuwa nyuzi 24, yakasoma 27.5. Ongeza 0.8, unapata 28.3. Yakaingia.

Msidhani mimi ni mvumilivu kwa kila jambo. Katikati ya kusubiri huko, kijana mwingine alikuwa anataka kumimina keni ya mjomba wake ilhali kichupa cha spiriti kimeonyesha madonge wazi. Hapo sikuuliza swali. Nikamshika mkono: "Hapana, rudisha." Keni moja ikiingia mbaya, imeharibu za watu wote waliotangulia. Mtu mzima aliyekosewa anaweza kuombwa radhi, tanki haliombwi radhi. Nimechukua miaka kutenganisha makosa ya namna hizo mbili, na bado siku nyingine nachanganya.

Saa 2:30. Chai, vitumbua, maharage ya nazi kwenye bakuli moja. Binti ananiuliza mbona sikumwambia. Namsimulia mwaka wangu wa kwanza: nilimrudisha mama mmoja na lita zake 8, nikamwita mwizi mbele ya watu, maziwa yakiwa ya moto kama haya ya leo. Hakurudi mwaka mzima. Msimamizi wangu wakati huo alikuwa akininyang'anya kipimo kila nikichelewa, kwa hiyo nilijua mikono yake inavyokwenda, kichwani mwake kuna nini sikujua. Binti akatafuna, akauliza, "Yule mama alirudi lini?" Nikamwambia alirudi na mtoto mgongoni, na sikupata ujasiri wa kumwomba radhi mpaka siku ya tatu.

Saa 4:00. Gari limekuja, limebeba, limeondoka.

Saa 7:00. Mahesabu. Hesabu ya binti inasema lita 412, kijiti cha kupimia tanki kilisema 421. Nimeshaona, mstari wa sita tarakimu zimegeuzwa. Nikatoka nje kununua dafu. Nikalinywa polepole mno, hata muuzaji akaniuliza kama nina tatizo. Niliporudi alikuwa bado anahesabu, kalamu mdomoni. Dakika 35 kwa kosa la sekunde tano! Halafu akapiga meza: "Limeonekana!" Nikajifanya sijui linahusu nini.

Saa 10:00 jioni. Tumeosha, tumefunga. Nikampa ufunguo: kesho afungue yeye. Akauangalia kama nimempa yai. "Na nikikosea?" Nikamwambia kwenye tanki asikosee, kwingine tutazungumza.

Saa 3:00 usiku. Mume wangu anauliza mbona mkoba wangu haulii kengele ya funguo leo. Nikamweleza.

"Vizuri. Kwa hiyo kesho utalala mpaka saa ngapi?"

"Saa 10:30."

Akacheka mpaka akakohoa.