Ndani ya bani, jani bado li hai

Urambo, Machi.

Nyumbani kwa baba mdogo msimu huu mazungumzo yote ni ya bani, yaani banda la kukaushia tumbaku kwa moto. Majani ya chini ya tumbaku huiva kwanza, basi ndiyo yanayochumwa kwanza. Yanafungwa kwenye fito, yanatundikwa, moto unawashwa. Lakini siku mbili tatu za mwanzo moto ni wa kubembeleza: nyuzi 35 hadi 40 hivi, na unyevu haufukuzwi. Nilimwuliza kwa nini tusiongeze kuni.

“Mwanangu, ukilikausha likiwa kijani, litabaki kijani. Nani atalinunua?”

Jibu hilo ni biolojia tupu. Jani lililotundikwa lina uhai bado. Unjano wake ni kazi ya seli zenyewe, na seli ikiuawa mapema kwa joto kali, vimeng'enya vyake, yaani protini zinazoendesha kazi za seli, huharibika na kazi inaishia njiani.

Kazi hiyo huanzia kwenye kloroplasti, vile vijumba vya kijani ndani ya seli. Kiasi cha robo tatu ya naitrojeni ya jani imo humo, nyingi ikiwa katika protini za usanisinuru, na mmea unaitaka irudi kabla jani halijafa. Ila klorofili, ile rangi ya kijani, iliyoachwa bila protini zake ni hatari: ikipigwa na mwanga huzalisha oksijeni kali inayounguza seli. Kwa hiyo ndiyo hushughulikiwa mapema. Magnesi iliyo katikati yake hutolewa, pete yake huvunjwa, na mabaki yasiyo na rangi hufungiwa kwenye vakuoli, mfuko wa maji ulio ndani ya seli. Yanakaa humo humo pamoja na naitrojeni yake, hayasafirishwi. Yaani seli inakubali kuipoteza ile naitrojeni kidogo ya klorofili ili izichukue protini kwa usalama! Nimelisoma hili mara nyingi na bado linanisisimua. Karotenoidi, zenye rangi ya njano, zilikuwapo siku zote chini ya kijani.

Wakati huo kiini cha seli na mitokondria hudumu karibu hadi mwisho, maana kubomoa nako kunahitaji maelekezo na nguvu. Seli za jirani na mishipa huchelewa kufa, kwani mishipa ndiyo njia ya kupitishia mali inayookolewa. Baba mdogo hajaambiwa hayo na mtu, lakini kabla ya kupandisha joto huchungulia mishipa kwanza.

Shambani maua ya tumbaku hukatwa, kwa sababu mmea ukiachiwa mbegu, chakula cha majani huelekea huko. Homoni nazo zina kauli: ethilini huharakisha uzee wa jani, saitokinini huuchelewesha. Mwaka 1995, huko Marekani, Susheng Gan na Richard Amasino walieleza jinsi walivyoipa tumbaku jeni linaloamka pale jani linapoanza kuzeeka, likatengeneza saitokinini. Majani yakakaa kijani muda mrefu kuliko kawaida. Tumbaku, mmea huu huu wetu.

Kinachonigusa zaidi ni kwamba ndani ya bani jani linafanya kazi yote hiyo bila shina. Wanga unageuka sukari, protini zinavunjwavunjwa, mzigo uko tayari, njia imekatwa. Sukari inabaki humo humo ndani ya jani, na ni sehemu ya ubora anaoutafuta mteuzi wa tumbaku, yule anayepanga madaraja.

Kuni za bani zinatoka kwenye misitu ya miombo, na hilo linaniuma, maana ni huko ninakotaka kuiona kazi hii ikikamilika. Kiangazi kikikaza, mitundu, miti ya misitu hiyo, hupukutisha majani, lakini hadi siku ya mwisho yanakuwa bado yameshikamana na mti. Naitrojeni na fosforasi hurudi kwa sehemu kubwa kwenye matawi kabla kikonyo hakijaachia. Kalsiamu, ambayo haiwezi kurudi kwa njia hiyo, huanguka na jani hadi chini, na huko mchwa na kuvu ndio wanaoipokea.