Mwani ulinishinda mara mbili

Wanaosema mwani unaotesha nywele na kuponya magoti, eti "loweka usiku, asubuhi saga, kunywa", sijui wao walikunywa nini. Mwani wangu niliuchukua Paje, Unguja, kwa mama mdogo, anayelima tangu kilimo hicho kilipoanza pale mwaka 1989. Kwake mwani ni wa gunia: unaanikwa, unapimwa, unakwenda. Alicheka. "Mwanangu, sisi tunauza, nyie wa mjini mnakula?" Akanijazia mfuko wa kotonii (aina ya mwani mwekundu) bure, gharama yangu nauli tu.

Nikaloweka, nikasuuza maji mamoja, nikasaga na ndizi. Lahaula! Chumvi ya bahari nzima, na mchanga unakwaruza menoni. Blenda ilinuka pwani siku nne. Mume wangu akauliza nani kafia humo ndani.

Mara ya pili nikachemsha, sufuria tele. Kumbe mwani mwekundu ndio unaotoa karagenani, ile inayotiwa kwenye aiskrimu iwe laini. Nikaenda kumlaza mtoto, nikasinzia naye. Asubuhi mwiko umesimama wima katikati ya sufuria. Niliipindua, hakikudondoka kitu. Nilikata kwa kisu kama halua.

Nikampigia mama mdogo. "Umeuosha?" Nimeuosha. "Mpaka ukafa rangi?" Hapo nikanyamaza.

Basi: nikauosha kwa maji ya mfereji, nikauanika mkekani (si chini, mchanga tena!), jioni nikauosha, kesho yake hivyo hivyo. Siku ya tatu ulikuwa mweupe kama tambi, harufu imekwisha. Ngumi moja kwa lita ya maji, moto mdogo, nikachuja kwa kitambaa cha tui. Ndimu natia nikishaepua na ukipoa kidogo. Niliwahi kuitia motoni, mwani ukalegea, haukuganda tena. Tangawizi upendavyo. Namimina kwenye trei ya barafu, kipande kimoja kila asubuhi ndani ya uji.

Nywele hazijaota zaidi, goti bado linauma. Ila choo, mashallah, hilo nakiri.

Wifi yangu naye akataka. Yeye anameza vidonge vya tezi ya shingo, na mwani una madini joto, nikamwambia akamuulize daktari wake kwanza. Kaninunia mpaka leo, anasema nina choyo.