Mdogo wangu aliacha unga, sisi tukabaki na makufuli

Mdogo wangu alikuwa mtumiaji wa heroini, yaani unga, na alikunywa dozi yake ya kwanza ya methadoni, dawa ya kumsaidia kuuacha, mwaka 2017, hospitali ya Mwananyamala. Tangu hapo watu wananiuliza maswali yaleyale: mlimfungia wapi, aliombewa na nani, mganga yupi huyo. Ya dawa nitayaeleza, maana wapo wenye mgonjwa ndani na hawajui waanzie wapi. Ila kilichotutoa jasho sisi siyo arosto, yale mateso ya mwili ukikosa unga. Ni kuishi nyumba moja na mtu aliyekuibia, anayesema ameacha, na kweli ameacha, lakini wewe moyo haujatulia.

Kabla ya kliniki tulifanya yote ambayo familia za uswahilini hufanya. Tulimfungia chumbani. Tulimpeleka kwenye maombi, na mama kwa upande wake akapita kwa mzee mmoja wa Bagamoyo bila kutuambia. Mwisho tukamsafirisha kwa mjomba Muheza akalime, mbali na maskani yake ya Kinondoni. Muheza alinenepa, mashavu yakarudi, mama akawa anawatumia ndugu picha zake kama za bwana harusi. Aliporudi Dar wiki haikuisha, akarudia unga.

Baadaye ndipo nilipoelewa kwamba kile kipindi tulichokuwa tunashangilia ndicho cha hatari kuliko vyote. Mwili ukikaa muda bila heroini haumudu tena kiasi ulichokizoea. Mtu akirudi na kula kipimo chake cha zamani, pumzi inakata. Rafiki yake wa maskani alikufa hivyo, ametoka gerezani hajamaliza hata kusalimia watu. Kwa hiyo nikisikia familia imemfungia kijana "mpaka unga umtoke", huwa sikai kimya. Unga utamtoka, ndiyo: siku kadhaa za makamasi, kuhara, miayo isiyokwisha, mifupa kuuma na kukosa usingizi usiku kucha. Hamu haitoki. Mlango ukifunguliwa anaondoka nayo.

Aliyetuonyesha njia alikuwa mwelimisha rika, kijana aliyewahi kuwa teja mwenyewe, anazunguka maskani akizungumza na wenzake. Yeye ndiye aliyetuambia kwamba kliniki ya kwanza ilifunguliwa Muhimbili Februari 2011, ikafuata Mwananyamala, kisha Temeke, na kwamba dawa haiuzwi. Huendi tu ukapanga foleni dirishani. Mdogo wangu alihudhuria kwanza vikao vya maandalizi, akapimwa mkojo, VVU, homa ya ini na kifua kikuu, na akatakiwa aje na ndugu wa kumsimamia. Mama presha ilikuwa juu, kaka mkubwa alikuwa hataki hata kusikia jina lake. Nikaenda mimi.

Dirishani mambo ni ya haraka. Anataja namba yake, wanahakikisha ni yeye, dawa inapimwa kwenye kikombe kidogo, anakunywa palepale. Anatiliwa maji kwenye kikombe kilekile, anayanywa nayo. Halafu anaulizwa kitu chochote, umelalaje, mama hajambo, ili ajibu kwa sauti. Aliyebana dawa mdomoni hawezi kujibu vizuri, na wapo wanaoibana wakaiteme na kuiuza. Hayo ni ya kila siku, Jumapili, Idi, Krismasi, mvua ikinyesha na barabara ikiwa mto. Akikosa siku kadhaa mfululizo hawampi dozi yake ya kawaida, wanampima upya na kumshusha, kwa sababu ileile ya mwili kusahau.

Hapo ndipo familia nyingi zinapokwama, na wala siyo kwa ubaya. Dawa ni bure, nauli si bure. Nauli ya daladala kwenda na kurudi kila siku ya Mungu, kwa mtu asiye na kazi, inaingia kwenye bajeti ya unga wa ugali. Na ukimpa fedha taslimu aliyetoka kwenye kete juzi, umempa mtihani. Mwanzoni nilikuwa nampandisha mwenyewe na kumlipia konda, kisha naenda zangu kazini. Alipopata kibarua cha kuosha magari karibu na hospitali, nilikwenda nikazungumza na mwenye eneo. Sikumficha. Nilimwambia kijana huyu ataanza kazi baada ya kunywa dawa yake, na siku akija bila kupita kliniki nipigie simu. Yule baba alinitazama, akasema hata shemeji yake yuko hukohuko.

Jirani yetu mmoja aliita methadoni "unga wa serikali", na maneno hayo yalizunguka mtaa mzima. Sikumkasirikia, kwa nje yanafanana. Tofauti niliiona sebuleni kwetu. Heroini ilikuwa inamwachia baada ya saa chache, kwa hiyo siku yake yote ilikuwa ni kutafuta: asubuhi atafute ya kumwamsha, mchana atafute, usiku atafute ya kulalia. Methadoni inashika saa 24 au zaidi, na dozi ikishakaa sawa haimpi ile stimu. Anakunywa asubuhi, siku yote inabaki yake. Alianza kuchoka kwa uchovu wa kazi. Alianza kulalamika kwamba mboga haina chumvi. Miaka mingi alikuwa hajui hata tumekula nini.

Sasa makufuli.

Kwa miaka ile ya unga aliuza mtungi wa gesi, simu ya mama, vitenge vyangu na mashine ya kaka ya kuchomelea, ambayo ndiyo ilikuwa ikilisha watoto wa kaka. Binti yake, ambaye mama alikuwa anamlea, kila jioni alikuwa akivifunga viatu vyake vya shule kwenye mfuko wa rambo na kuvipeleka kwa jirani vikalale huko. Hakuna aliyemfundisha. Shuleni walikuwa wanamwita mtoto wa teja. Mdogo wetu wa kike alikuja kuposwa, upande wa mume walipouliza mtaani wakaacha kupokea simu. Kukiibwa ndoo popote, watu walianzia kwetu. Mara mbili tatu mama alikimbia pekupeku kumtoa kwenye kundi la watu wenye mawe.

Kwa hiyo alipoanza dawa, wote tukawa tunajifanya. Tulimwambia "tunakuamini, karibu nyumbani", kisha mama analala na pochi ndani ya foronya. Nikitoka chumbani nahesabu hela kimoyomoyo. Yeye anaona. Teja anasoma macho ya watu kuliko askari, ndiyo kazi aliyoifanya miaka yote. Akawa anakula nje, anaingia usiku, anatoka alfajiri.

Aliyekata mzizi wa fitina ni shangazi, alipokuja kutoka Tanga. Alituweka sote ukumbini, na yeye mwenyewe mgonjwa akiwepo, akamwambia: "Baba, hatukuamini. Usitufanye tuseme uongo nyumbani kwetu." Kisha akataka tutaje mbele yake kila kitakachofungwa: chumba cha mama, kabati la vyombo, stoo yenye gesi. Funguo kwa nani, akitaka kitu amwombe nani. Na tukataja pia kisichofungwa: chakula, kitanda chake, mlango wa nje mpaka saa nne usiku. Mdogo wangu aliinama muda mrefu. Aliponyanyua kichwa akauliza swali moja tu, kama akipoteza kitu yeye naye ataruhusiwa kutuuliza sisi. Shangazi akasema ndiyo.

Nyumba ilipoa kuanzia siku ile. Kufuli linaloonekana halimuumizi mtu kama pochi ndani ya foronya. Likija suala la kitu kupotea tulikuwa tunauliza waziwazi, kwa sauti ya kawaida, na mara nyingi kitu kilikuwa chini ya meza. Nikikutana na familia yenye mgonjwa aliyeanza dawa, hili ndilo ninaloanza nalo, na mara nyingi hawalipendi. Wanataka nizungumzie upendo. Upendo ulikuwepo muda wote, hata gesi ilipouzwa.

Mtihani mkubwa ulikuja na kifua kikuu. Vipimo vilionyesha anacho, akaanzishiwa dawa. Baada ya muda akaanza kubadilika jioni: miayo, jasho, miguu haitulii kitandani, hasira. Sisi dalili hizo tulizijua kwa miaka. Kaka akasema mnaona, amerudia. Yeye akaapa hajagusa kitu. Nilimpeleka kliniki nikiwa nimejiandaa kusikia mkojo una unga, hauna. Mtoa huduma akatueleza kwamba rifampisini, moja ya dawa za kifua kikuu, inalifanya ini liimalize methadoni mapema kuliko kawaida. Dozi iliyokuwa inamfikisha kesho yake ilikuwa inaishia njiani. Wakampandishia taratibu na jioni zetu zikatulia. Alipomaliza tiba ya kifua walimshusha tena, kwa uangalifu uleule. Nalieleza hili kwa kirefu kwa sababu wapo wanaoacha dawa za kifua wakijua ndizo zinazowaletea arosto, na wapo wanaofukuzwa nyumbani kwa kusingiziwa wamerudia. Kila dawa mpya anayoandikiwa mgonjwa wako mahali pengine, kliniki ya methadoni waijue siku hiyohiyo.

Na jasho peke yake lisiwatishe. Methadoni inatoa jasho. Mdogo wangu analowanisha mashati mpaka leo, na anaweka sukari kwenye chai kiasi cha kuudhi.

Pombe ilikuja kwa mlango wa nyuma. Viroba vya pombe kali vilipigwa marufuku Machi 2017, lakini visungura, vile vichupa vidogo, vilikuwepo, na wenzake wa kuosha magari walikuwa wanachangishana jioni. Kwetu pombe haikuhesabika kama jambo. Baba, Mungu amrehemu, alikunywa maisha yake yote na kila mtu alimwita mcheshi. Mama alifikia kusema bora pombe kuliko unga. Kliniki hawakuona hivyo. Siku aliyofika ananukia hawakumpa dawa, wakamwambia akae, asubiri. Methadoni inalegeza upumuaji, pombe inalegeza upumuaji, ukizichanganya mtu analala moja kwa moja; na vidonge vya usingizi navyo ni hivyohivyo. Tena arosto ya unga, pamoja na mateso yake yote, ni nadra kumuua mtu mzima mwenye afya, wakati mlevi wa miaka anayeikata pombe ghafla anaweza kupata degedege na kufa. Niliposikia hilo nilimkumbuka baba na mitetemeko yake ya asubuhi, tuliyokuwa tukiita baridi. Mdogo wangu aliachishwa pombe akiwa chini ya uangalizi wa kliniki, na kazi ya kuosha magari akaiacha kabisa. Hili la kuacha kazi liliniuma, maana ndiyo iliyokuwa ikimlipia nauli. Lakini jioni zake zote zilikuwa pale.

Alihamia kwa fundi seremala wa Magomeni, ambaye anamlipa kidogo na kumgombeza sana. Amedumu.

Makufuli tuliyafungua moja moja, na hakuna aliyepanga ratiba. La stoo lilianza, kwa sababu mama alichoka kuamshwa asubuhi kwa ajili ya gesi. La vyombo likafuata. Viatu vya mtoto vilirudi kulala nyumbani kabla ya hayo yote, na hilo aliliamua mtoto. Alipopata ruhusa ya kubeba dozi za siku chache nyumbani, tulirudi dukani kununua kufuli jipya, safari hii yeye akashika ufunguo. Kipimo kinachomtosha mtu mzima aliyezoea kinaweza kumuua mtoto akidhani ni dawa ya kikohozi, na binti yake ana kawaida ya kufungua kila kopo.

Chumba cha mama bado kinafungwa. Mama anasema ni mazoea tu, sijui.

Kaka naye hajamsamehe, na mimi simwombi amsamehe. Wageni wakija huwa wanataka kuwapatanisha, wanawashika mikono yote miwili, wanaleta aya na hadithi. Kaka alilala na watoto wenye njaa kwa ajili ya ile mashine. Walichokubaliana, bila mpatanishi, ni kwamba ilipwe. Kila mwisho wa mwezi mdogo wangu anampelekea alichonacho, mwezi mwingine elfu kumi, mwezi mwingine tano. Kaka anapokea, anahesabu mbele yake, anaandika kwenye daftari na wote wawili wanatia sahihi. Hawajawahi kula sahani moja tangu wakati ule. Deni limebaki zaidi ya nusu, na bei ya mashine imepanda, jambo ambalo kaka amelitaja mara moja na mdogo wangu akajibu kwamba atalipa bei ya sasa.