Nimepima

Jumamosi mdogo wangu kaolewa, Jumatatu bodi ikapitisha bajeti, na bado kinachonizunguka kichwani ni neno moja la yule kijana wa Kigoma kwenye kikao chetu cha wasimamizi wa tovuti za mashirika.

"Dada, samahani. Ukurasa wenu wa mbele umenimalizia bando."

Watu wakacheka. Badala ya kunyamaza nikajibu, "Labda ni mtandao wa huko kwenu."

"Hapana, dada. Nimepima."

Nimepima! Kwa upole wa mtu anayeomba chumvi. Angebisha, ningepata pa kumshikia.

Jumanne usiku nami nikapima. Dirisha la faragha, F12 ya kufungua zana za kivinjari, kichupo cha mtandao, kashe (nakala ambazo kivinjari kimeshahifadhi) nimeizima, nikapakia upya na kusoma jumla pale chini: MB 22.6. Ofisini sikuwahi kuliona hilo kwa sababu kivinjari changu kilishahifadhi picha zote zamani. Mgeni ndiye anayezivuta upya, kwa bando lake.

Wenye kosa ni picha tano zinazopokezana juu ya ukurasa, upana pikseli 6000, kila moja zaidi ya MB 4, zilizotoka kwenye kamera zikapandishwa 2018 vilevile. Nilidhani WordPress, programu inayoendesha tovuti yetu, inapunguza yenyewe. Inapunguza kweli, hadi pikseli 2560, ila ilianza na toleo la 5.3, Novemba 2019, na za nyuma haikuzirudia. Hata ule utaratibu wa kuchelewesha picha mpaka msomaji azifikie hauzigusi zilizowekwa kama usuli, yaani nyuma ya maandishi, kwenye CSS, msimbo wa mwonekano wa ukurasa. Zetu zote ni usuli, bila shaka.

Nimebakiza moja. Upana 1600, WebP (muundo mwepesi wa picha), ubora 75: KB 180. Nilijaribu ubora 50, maua ya vitenge vya kina mama yakawa ukungu, nikarudi. Ya zamani sikuifuta maktabani mpaka nilipotafuta kurasa nyingine zinazoitumia. Zilikuwa mbili, na zingebaki na tundu. Mwisho kufuta kashe: ya WordPress kwanza, ya CDN, zile seva zinazosambaza nakala za tovuti, baadaye. Ukianza na CDN, inachota tena ukurasa ule ule wa zamani na utashinda unajiuliza mbona hakuna kilichobadilika.

MB 1.8! Saa saba usiku nacheka peke yangu, Baba Zawadi ananiuliza kuna nini. Nikamtumia kijana picha ya skrini. Asubuhi kajibu: "Hongera sana dada. Na ile ripoti ya mwaka?"

PDF. MB 38. Sijui nimnunie au nimpikie pilau.

Mama hajapiga simu tangu Jumapili. Arusini alicheza viatu vikiwa mkononi, miguu imevimba, akasema ni joto tu.